KWA NINI MGONJWA WA KISUKARI ATUNDIKIWE MAJI YA SUKARI?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu swali ambalo sisi wauguzi huulizwa mara nyingi na ndugu wa wagonjwa, tena wakati mwingine kwa hasira. Mgonjwa wa kisukari ameletwa hospitali akiwa mahututi. Sukari yake imepimwa, iko juu mno. Ametundikiwa dripu ya maji ya chumvi, amepewa insulini, na ameanza kupata nafuu. Baada ya saa kadhaa muuguzi anakuja na chupa nyingine. Kijana wa familia anasoma maandishi yake na kuona neno dekstrosi, yaani sukari. "Jamani nesi, si mmesema baba ana sukari nyingi? Mbona mnamwongezea?" Wapo ndugu ambao hufunga mpira wa dripu kwa mikono yao wenyewe, mara muuguzi anapogeuka kumhudumia mgonjwa mwingine.

Hofu hiyo inatokana na upendo, wala hatuidharau. Lakini kuufunga mpira huo kwaweza kumrudisha mgonjwa katika hatari ambayo ndiyo kwanza ameanza kutoka. Basi tufuatane hatua kwa hatua, tuone ni maji gani hutumika kumtibu mgonjwa huyu, na kila chupa ina kazi gani.

HALI HII NI NINI?

Chakula tunachokula, kama ugali, ndizi, muhogo au wali, hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke kwenye damu na kuingia ndani ya misuli na viungo vingine, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ni kama ufunguo wa mlango. Ufunguo ukikosekana, sukari hujaa barazani, na waliomo ndani ya nyumba wanashinda na njaa.

Hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, figo hujaribu kuitoa sukari kwa njia ya mkojo, na sukari inapotoka huvuta maji pamoja na chumvichumvi za mwili. Mgonjwa hukojoa sana, hushikwa na kiu, hunywa, na bado anakauka. Pili, mwili wenye njaa huanza kuunguza mafuta yake wenyewe. Mafuta yakiunguzwa kwa wingi bila insulini hutoa kitu kiitwacho ketoni, kama kuni mbichi zinavyotoa moshi mwingi jikoni. Ketoni ni asidi. Zikizidi, damu huwa chachu, na mwili hujitahidi kuipunguza asidi hiyo kwa kupumua. Ndiyo maana mgonjwa huhema kwa pumzi ndefu na nzito hata akiwa amelala. Hali hii huitwa ketoasidosisi ya kisukari.

Huwapata hasa watoto na vijana ambao kongosho lao limeacha kutengeneza insulini, na mara nyingi ndiyo inayoutambulisha ugonjwa wao kwa mara ya kwanza. Huwapata pia watu wazima wenye kisukari walioacha kuchoma insulini, au waliopatwa na maradhi mengine kama nimonia, malaria au kidonda cha mguu.

Kabla ya insulini kupatikana, mtoto wa namna hii hakuwa na tumaini la kuishi. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa nayo. Tangu hapo ugonjwa huu unatibika. Anayekufa leo, mara nyingi ni yule aliyechelewa kutambuliwa.

MALARIA AU KISUKARI?

Sisi wa Korogwe twaijua malaria. Mtoto akitapika, akilegea na kuanza kuhema kwa nguvu, wazo la kwanza ni malaria, na si wazo baya. Malaria kali nayo huichachusha damu na kumfanya mtoto aheme vivyo hivyo. Hata watu wa Dindira, ambako kuna baridi ya milimani na mbu ni wachache kuliko bondeni, hushuka Korogwe kwa shughuli zao na kurudi na homa.

Hatari ni kuishia hapo. Mwaka 1986 madaktari watatu wa Muhimbili, Rwiza, Swai na McLarty, waliandika katika jarida la kitabibu juu ya kushindwa kuitambua ketoasidosisi ya kisukari hapa Tanzania. Miaka mingi imepita, na mashine ndogo za kupima sukari zimeenea kuliko wakati ule, lakini onyo lao halijachakaa. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba ipo, hakijasema kwamba kisukari hakipo. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika kuchagua dripu. Mtoto mwenye malaria kali mara nyingi huishiwa sukari, naye huhitaji kupewa sukari upesi. Mtoto mwenye ketoasidosisi ana sukari nyingi mno, naye huanza na maji ya chumvi. Kwa macho, watoto hawa wawili wanaweza kufanana kabisa. Tone moja la damu kutoka kidoleni ndilo linalowatofautisha. Kwa hiyo, mzazi, usione haya kuuliza: "Je, mmempima sukari?"

DRIPU NI DAWA

Watu wengi huomba "dripu ya nguvu" kama mtu anavyoomba chai. Tuelewane hapa. Chupa ya nusu lita ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 25 tu za sukari. Hizo ni chache kuliko zilizomo katika chupa moja ya soda nyingi tunazozijua. Si chakula cha kumpa mtu nguvu. Na akitundikiwa mtoto mwenye kisukari ambacho hakijagunduliwa, ni kuongeza sukari barazani wakati ufunguo haupo.

Dripu ni dawa kama dawa nyingine. Ina aina yake, kipimo chake, mwendo wake na wakati wake. Haifai kutundikwa dukani wala nyumbani kwa kubahatisha.

CHUPA ZA KWANZA: MAJI YA CHUMVI

Mgonjwa wa ketoasidosisi anapofika amekauka. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 aweza kuwa amepoteza lita 6 hivi za maji, yaani chupa 12 za nusu lita. Maji hayo yalitoka pamoja na chumvi, hivyo yanarudishwa pamoja na chumvi. Maji ya kawaida ya dripu kwa kazi hii yana gramu 9 za chumvi katika kila lita. Hayo hubaki katika mishipa kwa muda wa kutosha kuinua msukumo wa damu na kuziamsha figo. Maji ya sukari peke yake hayawezi kazi hii, kwa sababu sukari yake ikitumika hubaki maji matupu, ambayo hutawanyika mwilini upesi.

Mtu mzima ambaye moyo na figo zake ni nzima huweza kupewa lita 1 hivi katika saa ya kwanza, kisha mwendo unapunguzwa kwa kadiri ya hali yake. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, hupewa kwa uangalifu zaidi. Mtoto hupimwa kilo zake kwanza. Kwa kawaida huanza na mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, na upungufu uliobaki hurudishwa polepole kwa muda wa saa 24 hadi 48. Maji haya peke yake huanza kuishusha sukari. Insulini hufuata. Kwa watoto husubiriwa kama saa 1 tangu maji yaanze.

Wengine wamesikia kwamba yapo maji mengine, ya Ringer, wakauliza yapi ni bora. Sababu ya swali hilo ni hii. Chumvi ina sehemu mbili, sodiamu na kloraidi. Maji ya kawaida ya chumvi yana kloraidi 154 kwa kipimo cha maabara, ambapo damu yetu ina kama 100. Mgonjwa akipewa chupa nyingi sana za maji hayo, kloraidi inayozidi huweza kuongeza uchachu wa namna nyingine katika damu. Maji ya Ringer yenye lakteti yana kloraidi karibu 110 na potasiamu kidogo, hivyo yanakaribiana zaidi na damu. Lakteti yake hugeuzwa na ini kuwa kitu kinachopunguza asidi.

Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Marekani kwa watu wazima 172 wenye ketoasidosisi. Waliopewa maji yanayokaribiana na damu walitoka katika hali hiyo kwa saa 13 hivi, na waliopewa maji ya kawaida ya chumvi kwa saa 17 hivi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unaruhusu aina zote mbili. Kwa hiyo ukiona jirani wa kitanda cha pili ana chupa tofauti na ya mgonjwa wako, usidhani mmoja ameonewa. Tena hospitali yenye aina moja tu isingoje nyingine. Chupa iliyopo, ikitundikwa mapema na kwa kipimo, ina faida kuliko ile inayosubiriwa.

KITU KINACHOCHANGANYWA NDANI: POTASIAMU

Potasiamu ni mojawapo ya chumvichumvi za mwili, na moyo hauwezi kupiga vizuri bila kiasi chake sahihi, ambacho katika damu ni 3.5 hadi 5 hivi. Mgonjwa wetu amekojoa potasiamu nyingi kwa siku kadhaa. Hata hivyo siku anapofika, kipimo cha damu huweza kuonyesha kwamba inatosha, au hata imezidi, kwa sababu iliyomo ndani ya mwili imesukumwa nje na kuingia kwenye damu. Insulini ikianza kufanya kazi, potasiamu hurudi ndani kwa haraka, na damu hupungukiwa. Moyo unaweza kusimama ghafla, wakati ndugu wanafurahi kwamba sukari inashuka.

Ndiyo maana daktari huagiza potasiamu ichanganywe katika chupa mara inapoonekana kwamba mkojo unatoka na kipimo kinaruhusu. Ikiwa potasiamu ilikuwa chini sana tangu mwanzo, huongezwa kwanza, na insulini husubiri. Kamwe haisukumwi moja kwa moja mshipani kwa sindano.

Hapa tuna maombi mawili. Msimpe mgonjwa madafu kwa siri. Madafu yana potasiamu nyingi, na mgonjwa ambaye figo zake hazijaamka aweza kudhurika. Pia msimpe magadi kwa kuwa mmesikia neno asidi. Asidi hii huondolewa na maji na insulini, ambayo huzuia ketoni mpya zisitengenezwe.

SASA MAJI YA SUKARI

Tumefika kwenye swali letu. Chini ya maji na insulini, sukari hushuka mapema, mara nyingi katika saa 6 hivi. Lakini ketoni, yaani ule moshi wa kuni mbichi, huchelewa kuondoka. Huchukua saa 12 hivi au zaidi. Kwa hiyo hufika saa ambayo sukari imekaribia kuwa nzuri, na damu bado ni chachu.

Tufanyeje hapo? Tukiisimamisha insulini kwa sababu sukari imeshuka, mwili utarudia kuunguza mafuta, ketoni zitaongezeka, na mgonjwa atarudi alikotoka. Tukiiendeleza insulini bila kitu kingine, sukari itashuka kupita kiasi, naye atapoteza fahamu au kupatwa na degedege kwa kukosa sukari. Njia salama ni moja: insulini iendelee, na mgonjwa apewe sukari ya kutosha ili insulini ipate kufanya kazi yake. Sukari inapofika 14 hivi kwa mashine zetu, maji ya dekstrosi huongezwa pamoja na chumvi.

Kwa maneno mengine, chupa ile ya sukari imetundikwa ili insulini isikatishwe. Wala haikutundikwa kwa sababu muuguzi amesahau ugonjwa. Kwa kawaida ni dalili njema, maana inaonyesha kwamba mgonjwa amevuka sehemu ya kwanza ya safari. Anayeifunga chupa hiyo na kuiacha insulini ikienda, anaweza kumwua mgonjwa wake kwa kukosa sukari. Baadaye ketoni zikiisha na mgonjwa akiweza kula, hupewa insulini ya kuchoma chini ya ngozi. Dripu huondolewa baada ya insulini hiyo kuanza kufanya kazi, ili pasiwepo muda mtupu katikati.

MBONA HAMFUNGUI DRIPU IENDE KASI?

Hili ni swali la pili la ndugu: "Amekauka hivi, mbona matone yanahesabiwa?"

Jibu moja kubwa limetoka hapa hapa mkoani Tanga. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011 ulifanyika uchunguzi katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya Tanzania ilikuwa Teule, Muheza. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na mzunguko mbaya wa damu, wengi wao wakiwa na malaria, waligawanywa. Wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, wengine hawakupewa kwa namna hiyo. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka walikufa kama 10 au 11, na kati ya wale wengine walikufa kama 7. Matokeo hayo, yaliyotangazwa mwaka 2011, yaliwashangaza waganga duniani kote.

Watoto wale hawakuwa wagonjwa wa kisukari, wala wa kuharisha, na tusichanganye mambo. Mwenye ketoasidosisi anahitaji maji, na hana budi kuyapata. Lakini somo la Muheza linatuhusu: maji ya mshipani yana nguvu ya kuponya na ya kudhuru, na mtoto anayehema kwa nguvu asifunguliwe dripu mpaka ijulikane anaumwa nini.

Kwa watoto wenye ketoasidosisi ipo hofu nyingine, nayo ni uvimbe wa ubongo. Huwapata wachache, chini ya mtoto 1 kati ya 100, lakini ni hatari sana. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba unasababishwa na mwendo wa maji. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi wa watoto 1,255 katika hospitali 13 za Marekani, nao haukuona tofauti ya madhara ya ubongo kati ya mwendo wa haraka kidogo na wa polepole, mradi vyote viwili vilipimwa na mtoto aliangaliwa kwa karibu. Uangalizi huo ndio msingi wa kazi yetu. Ndiyo maana katika chumba cha wagonjwa mahututi tunachoma kidole kila saa, tunapima mkojo, tunahesabu pumzi, na tunamwita mtoto kwa jina ili tuone kama anaitika.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Zijueni dalili: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, mtoto mkubwa kurudia kukojoa kitandani, kukonda upesi, uchovu. Zikizidi: kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa pumzi ndefu, harufu ya mdomoni kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, kuchanganyikiwa au usingizi mzito.

2. Mkiona hayo, msingoje asubuhi wala gari la siku ya soko. Kutoka Dindira hadi Korogwe ni mteremko mrefu, na wakati wa mvua huwa mrefu zaidi. Kama zahanati ya jirani inapima sukari, ipimwe hapo, kisha mgonjwa ashushwe hospitali mara moja.

3. Njiani, akiwa na fahamu, apewe maji safi ya kunywa, kidogo kidogo. Asipewe soda wala juisi. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni, alazwe ubavu.

4. Mwenye kuchoma insulini asiiache kwa sababu hali chakula au anatapika. Ugonjwa huongeza haja ya insulini. Apime sukari mara nyingi na kuwahi kituo cha afya.

5. Mkifika, semeni siku alizoumwa, alivyokunywa na kukojoa, dawa zote alizopewa, pamoja na za kienyeji, na kama alitundikiwa dripu yoyote. Msifiche. Hakuna atakayewagombeza, na daktari hawezi kuchagua maji vizuri bila kujua yaliyotangulia.

6. Kando ya kitanda, msiguse mpira wa dripu. Mkiwa na shaka, mwiteni muuguzi na kumwuliza: "Chupa hii ni ya nini?" Ni haki yenu kujibiwa, na ni wajibu wetu kujibu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mkutanapo nyumbani au jumuiyani, jaribuni kujibu maswali haya:

(a) Ni kipimo gani kinachomtofautisha mtoto mwenye malaria kali na mwenye ketoasidosisi?
(b) Kwa nini maji ya chumvi hutangulia?
(c) Sukari ikishashuka, kwa nini insulini isisimamishwe?
(d) Katika kitongoji chenu, usiku wa mvua, nani ana chombo cha kumfikisha mgonjwa hospitali?

Swali la mwisho halina jibu katika ukurasa huu. Lijibuni wenyewe, mapema, kabla mgonjwa hajapatikana.

Tunawatakia afya njema.